Simu Imekimbia, Mwenyewe Kalala: Kisa cha Mbio za Lazima katika Vyuo Vikuu vya China

Katika vyuo vikuu vingi vya China, mwanafunzi anayeripoti mwaka wa kwanza hukuta shughuli ndogondogo zinamsubiri: apate kitanda bwenini, achukue kadi ya kulia kantini, na aweke kwenye simu yake programu ya kukimbilia. Hiyo ya mwisho ni ya somo la michezo, na somo la michezo ni la lazima. Muhula mzima atatakiwa akimbie mara kadhaa kwa wiki, kilomita mbili hivi kwa msichana na zaidi kidogo kwa mvulana, simu mfukoni na GPS imewashwa. Kila chuo kina kiwango chake na programu yake, ila hesabu ni ileile: mbio zilizorekodiwa huingia kwenye alama. Asiyezifikisha anakatwa, na kwingine analirudia somo zima.

Utaratibu huu umeenea tangu katikati ya miaka ya 2010, katika nchi ambayo mwaka 2023 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 47 wa elimu ya juu. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo simu imetumika kuwahimiza wanafunzi wengi kiasi hicho wafanye mazoezi, kwa miaka mingi hivyo, na kwa amri. Yaliyotokea husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaoyasimulia kama kichekesho cha vijana wavivu na ujanja wao. Wapo wanaoona dola inayochungulia hadi nyayo za raia. Yote mawili yamo. Lakini nikikifuata kisa hatua kwa hatua, ninachokiona zaidi ni habari ya mwalimu wa michezo aliyeondolewa uwanjani kidogo kidogo, mpaka ikabaki simu peke yake.

Kabla ya simu

Kuwalazimisha wasomi watoke jasho ni jambo la zamani huko. Tsinghua, chuo maarufu cha Beijing, katika miaka ya 1910 kilikuwa na kanuni ya ajabu: kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na moja, maktaba, madarasa na mabweni yalifungwa kwa kufuli ili wanafunzi wasiwe na pa kwenda isipokuwa uwanjani. Ma Yuehan, aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1914 na kubaki hadi alipofariki mwaka 1966, alisifika kwa kuzunguka vichochoro vya chuo akiwasaka waliojificha na vitabu vyao, anawatoa mmoja mmoja na kuwapeleka wakacheze. Mwaka 2017 chuo hichohicho kikatangaza kwamba wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza watapimwa kuogelea mita 50. Asiyejua atajifunza, maana cheti kinasubiri.

Naweka mifano hii miwili mbele makusudi, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba kosa la kisa hiki ni ule ulazima. Sharti la kuogelea ni la lazima kuliko hata kukimbia, na bado halikuzaa soko la waogeleaji wa kukodi. Bwawa lina mwalimu ukingoni. Anamjua aliyemo majini kwa sura, anamwona anavyohangaika na pumzi, anamwelekeza. Huwezi kumtuma mtu akuogelee.

Shinikizo la kitaifa lilikuja baadaye. Mwaka 2007 serikali kuu ilitoa waraka wa kuimarisha afya za vijana, baada ya vipimo vya miaka mingi kuonyesha kwamba pumzi, nguvu na macho ya wanafunzi vinazidi kudhoofu. Mwaka 2014 viwango vya taifa vya afya ya mwili kwa wanafunzi vikarekebishwa. Mwanafunzi wa chuo hupimwa uwiano wa uzito na urefu, wingi wa pumzi, mbio fupi za mita 50, kuruka mbele akiwa amesimama, kunyoosha mgongo akiwa ameketi, kujivuta juu kwenye chuma kwa wavulana au kulala chali na kuinuka kwa wasichana, kisha kile kinachowakosesha wengi usingizi: mita 1,000 kwa wavulana na mita 800 kwa wasichana. Anayefika mwisho wa masomo akiwa chini ya alama 50 huhesabiwa kuwa hakuhitimu kikamilifu. Mwaka huohuo vyuo vikaagizwa kutoa si chini ya vipindi 144 vya michezo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili.

Vipindi viwili kwa wiki havimwandai mtu kukimbia mita 1,000. Inabidi akimbie na siku nyingine, nje ya darasa. Nani atahakikisha kwamba kakimbia? Mwalimu mmoja ana mamia ya wanafunzi. Hapo mwanzo walimu na wasaidizi wao walisimama kiwanjani alfajiri wakigonga mihuri kwenye kadi. Kisha zikaja mashine za kupitishia kadi ya chuo, au za alama za vidole, mwanzo na mwisho wa njia. Kila hatua ilimsogeza mwalimu mbali kidogo na mkimbiaji. Simu zilipoingia mikononi mwa kila mwanafunzi, kampuni ndogo za teknolojia zikabisha hodi zikiwa na programu ambayo chuo hakiinunui kwa fedha nyingi, inayorekodi mbio za maelfu kwa wakati mmoja na kumtolea mkuu wa idara jedwali lililokamilika mwisho wa muhula. Ningekuwa mkuu huyo, pengine nami ningesaini.

Simu inaona nini

Programu ya kukimbia haina macho. Inapokea taarifa za aina mbili. Ya kwanza ni GPS: simu iko wapi duniani, kila baada ya muda mfupi, na kutokana na hapo inakokotoa umbali na kasi. Ya pili ni kihisi kidogo ndani ya simu kinachopima mtikisiko. Mtikisiko wenye mpangilio fulani huhesabiwa kuwa hatua. Zote mbili ni habari za simu. Ya kwamba mwenye simu ndiye anayeibeba, na kwamba anaibeba kwa miguu yake mwenyewe, ni dhana tu ya aliyeitengeneza.

Wanafunzi walihitaji muda mfupi kuiona dhana hiyo ilipo. Wengine walipanda baiskeli na kwenda polepole. Wengine wakaweka programu ya pili inayoidanganya simu kuhusu mahali ilipo, ikachora mzunguko wa kiwanja huku mtu kajifunika shuka. Kwenye maduka ya mtandaoni vilikuwepo tayari vifaa vya kubembeza simu, vibao vidogo vinavyoitikisa huku na huku usiku kucha, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoshindania hatua nyingi kwenye mitandao ya kijamii. Vikapata wateja wapya. Vyombo vya habari vya China vimeripoti hata simu zilizofungwa kwenye mbwa.

Biashara iliyoshamiri zaidi ilikuwa ya binadamu halisi. Mwanafunzi mwenye mapafu mazuri anakimbia na simu nne tano kwenye mkoba, kila moja ya mteja wake, kwa malipo ya yuan chache kwa mbio moja. Au hapokei simu kabisa: mteja anampa jina la akaunti na neno la siri, naye anaingia kwa simu zake. Matangazo yalibandikwa kwenye makundi ya wanafunzi kama yale ya kuuza vitabu vilivyotumika. Ajabu yake ni kwamba chuo kilipata kilichokiomba. Kilitaka rekodi za kilomita, kikaletewa rekodi za kilomita, na nyingine zilikimbiwa kweli kwa jasho, ila na mtu mmoja ambaye tangu awali hakuhitaji kuhimizwa.

Yeyote aliyesoma chuo huku kwetu anaufahamu mchezo huu kwa sura yake nyingine. Karatasi ya mahudhurio inazunguka ukumbini, waliopo ni arobaini, saini ni themanini. Tofauti ni kwamba hakuna mhadhiri anayeiamini sana karatasi ile, ilhali jedwali la programu lina ramani, saa, dakika na rangi, na linaonekana kama ushahidi.

Programu ikageuka askari

Vyuo na kampuni vilipogundua, vilijibu kwa kubana. Ikawa haitoshi kukimbia umbali. Programu inakuteulia papo hapo vituo kadhaa ndani ya chuo na lazima uvipitie. Kasi ikiwa ndogo mno, mbio ni batili. Ikiwa kubwa mno, ni batili pia, maana pengine uko kwenye baiskeli. Hatua zisipolingana na umbali, batili. Kisha ikaja picha: katikati ya mbio simu inalia, unatakiwa usimame na kuonyesha uso ili ulinganishwe na picha iliyosajiliwa.

Hapa ndipo ninapodhani uchambuzi mwingi wa kisa hiki unapita haraka. Tunazungumzia waliodanganya na kumsahau aliyekimbia kweli. Huyu anazunguka kiwanja katikati ya majengo marefu, GPS inapotea kidogo, mstari wake kwenye ramani unakatiza juu ya paa la maabara, na programu inamwambia kasi yake si ya binadamu. Mwingine simu imezima kwa baridi au chaji imekwisha akiwa mzunguko wa mwisho. Mwingine ana mwendo mzito kwa sababu ana mwili mzito, yaani yule hasa ambaye mpango mzima uliundwa kwa ajili yake, na kila siku anaambiwa kwamba alichokifanya hakihesabiki. Mwingine anakimbia na shingo imeinama, macho kwenye kioo, anatafuta kituo kinachofuata, huku magari ya chuo yanapita. Kila kizuizi kilichoongezwa dhidi ya mjanja kilimgharimu mkweli zaidi, kwa sababu mjanja analipa mtu na mkweli hana wa kumlipa.

Na hakuna wa kumlalamikia. Mwalimu anasema mfumo ndio ulioandika. Kampuni inasema wasiliana na chuo. Sharti la kukimbia lilipokuwa na muhuri wa wino, kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Mwalimu, goti linauma leo," naye akaliangalia goti.

Kwa upande wa kampuni mambo yalikuwa mazuri. Kumpata mtumiaji mmoja wa programu ya simu ni gharama kubwa kokote duniani. Hapa chuo kinakuletea maelfu kwa amri, na hawawezi kuifuta programu hadi muhula uishe. Yakaanza kutokea matangazo, maduka ya viatu, huduma za ziada za kulipia. Malalamiko kuhusu programu za elimu kwa jumla yalizidi hadi Agosti 2019 Wizara ya Elimu na idara nyingine saba zikatoa mwongozo wa pamoja. Ulitenganisha programu za aina mbili. Programu ambayo chuo kinalazimisha wote waitumie isiwatoze wanafunzi wala wazazi chochote, na isibebe matangazo ya biashara wala michezo ya kompyuta. Ile inayopendekezwa tu iwe ya hiari kweli, isifungamanishwe na alama, vipindi wala tuzo. Miaka miwili baadaye, Novemba 2021, ikaanza kutumika sheria ya kulinda taarifa binafsi, ambayo inaziweka sura ya mtu na nyendo zake katika kundi la taarifa nyeti. Programu ya mbio za chuo inakusanya vyote viwili.

Kwenye karatasi, basi, sheria ni nzuri. Mwanya uliobaki ni ule wa chuo kusema kwamba programu ni chombo chake cha kufundishia. Ukishasema hivyo, unaruhusiwa kulazimisha.

Je, programu hazifai?

Zinafaa, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuzitupa. Mwaka 2021 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha mapitio ya majaribio 28 yenye washiriki 7,454, watu wazima waliopewa programu za simu au vifaa vya kuhesabu hatua. Kwa wastani waliongeza hatua 1,850 kwa siku kuliko wenzao wasiopewa. Hizo ni hatua nyingi. Zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizomtumia mtu ujumbe na kumwekea malengo yanayomfaa yeye.

Tazama sifa hizo mbili. Ujumbe, na malengo ya mtu mwenyewe. Ni kazi alizokuwa akizifanya mwalimu mzuri: anakuuliza mbona jana hukuonekana, anakupunguzia wewe na kumwongezea mwenzako. Programu za vyuo vya China zilizibeba kazi za mwalimu zilizo rahisi kuhesabu, yaani kuita majina na kuandika alama, na kuziacha hizo nyingine. Kilomita ni zilezile kwa mchezaji wa mpira wa kikapu na kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia tangu shule ya msingi.

Lakini hata pale penye hiari kifaa kina mipaka yake. Septemba 2016 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, uliowafuatilia vijana 471 wa miaka 18 hadi 35 waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito. Wote walipewa mpango wa chakula na mazoezi. Baada ya miezi sita nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa kinachohesabu mazoezi. Mwisho wa miezi 24, waliokuwa na kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani, wasiokuwa nacho kilo 5.9. Wenye kifaa ndio waliopungua kidogo. Sababu zimejadiliwa sana na sitazimaliza hapa. Ninachochukua ni kwamba kuhesabiwa na kuhimizwa ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili kwa lenyewe.

Usiku wa Kaifeng

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna idara ya michezo iliyolipanga. Juni 2024 wanafunzi wanne wa kike wa mjini Zhengzhou, mkoa wa Henan, walichukua baiskeli za kukodi za mtaani usiku na kuendesha hadi mji wa kale wa Kaifeng, takriban kilomita 50, kwenda kula maandazi ya mvuke yenye mchuzi ndani. Wakasimulia mtandaoni. Wengine wakafuata. Kaifeng ikafurahi, ikawakaribisha vijana na kuwafungulia vivutio vyake bila kiingilio. Kufikia usiku wa Novemba 8 barabara kuu inayounganisha miji hiyo ilifurika makumi ya maelfu ya waendesha baiskeli, na baadhi ya vyombo vya habari vilitaja laki moja au zaidi, wakiimba na kupeperusha bendera. Asubuhi Kaifeng ikajikuta na milima ya baiskeli zisizo na wa kuzirudisha. Polisi wakafunga njia za baiskeli, kampuni zikatangaza kwamba baiskeli itakayotoka nje ya Zhengzhou itajifunga, na baadhi ya vyuo vikawazuia wanafunzi kutoka.

Ni kizazi kilekile. Pengine wapo waliopiga kanyagio kilomita 50 gizani wiki ileile ambayo simu zao zilikuwa zikikimbizwa na mtu mwingine kwa yuan chache.

Nisiipambe sana hadithi hii. Lilikuwa wimbi, na wimbi hupita. Aliyekwenda Kaifeng ni yule aliyekwishajiamini. Mwenye pumzi fupi alibaki bwenini akitazama video. Usalama wa safari zenyewe pia ulikuwa wa mashaka. Lakini wimbi hilo linavunja ile kauli ambayo kila jedwali la programu limejengwa juu yake, kwamba vijana hawa hawatasogea bila kusukumwa. Walikuwa na wenzao, walikuwa na mahali pa kufika, na mwisho wa safari palikuwa na chakula.

Tukiuleta utaratibu huu huku kwetu, itakuwaje?

Nauliza kwa sababu wazo hili litafika, kama halijafika. Wanafunzi wetu wengi wamesoma China na wameyaona. Katika tathmini ya Shirika la Afya Duniani iliyochapishwa mwaka 2018, Uganda na Msumbiji ndizo zilizokuwa na watu wazima wachache kabisa wasiofanya mazoezi ya kutosha, chini ya asilimia 6. Sifa hiyo imeletwa na jembe, ndoo ya maji na mwendo wa miguu, vitu ambavyo mhitimu wa chuo ndio kwanza anaviaga. Kwa hiyo mkuu wa chuo mwenye wasiwasi kuhusu vijana wake hana kosa.

Mkufunzi wa Dodoma au Eldoret akiniuliza, nitamwambia aweke programu upande wa mwanafunzi, isiingie kwenye alama hata chembe. Imkumbushe, imwonyeshe amefika wapi tangu mwezi uliopita, ifanye kazi bila bando akiwa njiani na isitume ramani ya nyendo zake popote. Alama za mazoezi, kama lazima ziwepo, zitolewe kiwanjani, kwa mbio anazoziona mtu, zikipima mwanafunzi alikoanzia na alikofika. Kundi la watu ishirini na kiongozi wao, siku mbili kwa wiki, saa inayojulikana. Klabu za jogingi za Dar es Salaam zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka mingi kila mwisho wa wiki, fulana za rangi moja, nyimbo za kuitikia, na supu baadaye. Asiyefika Jumamosi anapigiwa simu na mwenzake, si na mfumo.

Mpango wa namna hiyo una gharama. Unahitaji wakufunzi wasaidizi wa kutosha, posho zao, kiwanja chenye taa na mtu wa huduma ya kwanza. Na hilo ndilo fungu la bajeti linaloanza kukatwa siku kampuni inapokuja na programu ya bure.